Kutoka Mizani hadi Kana: Kiswahili kama Njia ya Kujifunzia Kijapani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maarifa ya isimu na ushairi wa Kiswahili yanavyoweza kumsaidia mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza maandishi, sarufi na misemo ya kila siku ya Kijapani. Hoja kuu ni kwamba hesabu ya mizani na uchanganuzi wa viambishi vinampa mwanafunzi huyo msingi ambao maelezo yanayopitia Kiingereza hayautumii. Hata hivyo, mfanano huo una mitego yake, na mtego mkubwa zaidi umo pale ambapo lugha hizi mbili zinaonekana kukaribiana mno.

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kijapani aghalabu hupitia Kiingereza. Vitabu vya kiada na kamusi anavyovipata vimetungwa kwa kumlenga msomaji ambaye kwake irabu tano zisizobadilika, silabi zinazoishia kwa irabu na kitenzi kinachobeba viambishi kadhaa ni mambo mageni. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, hayo yote ni ya nyumbani. Hasara inayotokea ni ya namna mbili: mwanafunzi hufundishwa upya anachokijua, na wakati huohuo hatahadharishwi kuhusu makosa ambayo lugha yake mwenyewe itamwingizia.

2.0 Maandishi na Uchanganuzi wa Neno

Kijapani hutumia hati tatu kwa pamoja: kanji, yaani alama zilizotoka China, hiragana na katakana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136. Hiragana na katakana, ambazo kwa pamoja huitwa kana, zina alama za msingi 46 kila moja.

Wajapani waliazima maandishi ya lugha iliyotofautiana sana na yao kisarufi. Katika *Man'yōshū*, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8, kanji nyingi zilitumiwa kwa sauti yake tu bila kujali maana, na kana zilizaliwa kutokana na desturi hiyo. Hiragana か na katakana カ, zote zikisomwa *ka*, zimetokana na kanji moja, 加: ya kwanza kwa mwandiko wa haraka, ya pili kwa kuchukua sehemu yake tu. Tatizo lililozaa kana si geni kwa mtafiti wa hati za kale za Kiswahili. Waandishi wa pwani nao walirithi hati ya Kiarabu ambayo, katika umbo lake la asili, haikuwa na herufi za *p*, *ch*, *g* na *v*, wala alama za kutenganisha *e* na *i* au *o* na *u*.

Mgawanyo wa kazi baina ya hati hizi unaonekana katika sentensi ifuatayo:

(1) 私は駅でバスを待った。
*Watashi wa eki de basu o matta.*
'Nilisubiri basi stesheni.'

Kanji zimeandika nomino na mzizi wa kitenzi (私 'mimi', 駅 'stesheni', 待 'subiri'). Hiragana zimeandika vijineno vya kisarufi (*wa*, *de*, *o*) na mwisho wa kitenzi unaoonyesha wakati uliopita. Katakana zimeandika neno la mkopo, *basu*. Kwa hiyo maandishi yenyewe humwonyesha msomaji mahali mzizi unapoishia. Mwanafunzi aliyezoea kutenga mzizi na viambishi vya kitenzi cha Kiswahili tayari ana stadi inayohitajika. Kinachobaki ni kuihamishia kwenye macho. Hata maneno ya mkopo hayamtishi, kwa kuwa Kijapani huyapa irabu za mwisho kama ifanyavyo Kiswahili: *basu* na *basi*, *shatsu* na *shati*.

3.0 Matamshi na Hesabu ya Mizani

Kwa kawaida kana moja huwakilisha kipimo kimoja cha muda, ambacho wanaisimu hukiita mora. Haiku huwa na vipimo 17 (5, 7, 5) na tanka vipimo 31 (5, 7, 5, 7, 7). Msomi wa ushairi wa Kiswahili atatambua hapa jambo analolijua kwa jina la mizani. Anayehesabu *mtu* kuwa na mizani mbili, *m-tu*, hatashangaa kwamba *hon* 'kitabu' ni *ho-n*. Anayehesabu *taa* kuwa *ta-a* ataelewa kwamba Ōsaka ni *O-o-sa-ka* na Tōkyō ni *To-o-kyo-o*, kila moja mizani nne. Hesabu ya Kijapani huongeza kitu kimoja: nusu ya kwanza ya konsonanti iliyokazwa nayo ina mizani yake. Ndiyo maana *kite* 'njoo' ina mizani mbili, na *kitte* 'stempu' ina tatu, *ki-t-te*.

Hapa ndipo ulipo mtego. Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya silabi hiyo hurefuka kidogo. Urefu huo haubadili maana, hivyo msemaji hausikii. Katika Kijapani, urefu wa irabu hutenganisha maneno:

(2) *biru* 'jengo la ghorofa' / *bīru* 'bia'
(3) *yuki* 'theluji' / *yūki* 'ujasiri'
(4) *obasan* 'shangazi' / *obāsan* 'bibi'

Katika jozi zote tatu, irabu inayotofautiana iko mahali palepale mkazo wa Kiswahili unapoangukia. Mwanafunzi anayesoma *obasan* kwa mkazo wa kwao hukaribia kumwita shangazi wa mtu bibi, naye hana habari kwamba amekosea. Mtego wa pili unahusu nazali. Katika *mbuzi*, *mb* ni sauti moja isiyo na mizani ya peke yake. Mazoea hayo humfanya asome *shinbun* 'gazeti' kama *shi-mbun*, ilhali hesabu yake ni *shi-n-bu-n*.

Dawa inapatikana katika tahajia ya Kiswahili. Vitabu vingi huonyesha irabu ndefu kwa kistari cha juu, alama ambayo jicho huiruka kwa urahisi. Ikiandikwa *biiru*, *yuuki* na *obaasan*, msomaji wa Kiswahili huisoma kama *taa* na *juu*. Tahajia hiyo iko karibu pia na hiragana zenyewe, ambamo *obāsan* huandikwa おばあさん, kwa alama tano badala ya nne za おばさん.

4.0 Sarufi

Katika mnyambuliko wa vitenzi, mfanano ni wa kina:

(5) *som-esh-w-a*
(6) *yom-ase-rare-ru*

Mizizi yote miwili ina maana ya 'soma', nayo inafuatwa na kiambishi cha kutendesha kisha cha kutendwa. Maana hazilingani kabisa, kwa kuwa umbo la Kijapani hudokeza kushurutishwa, lakini mpangilio ni uleule.

Tofauti kubwa iko upande wa kushoto wa mzizi. Kitenzi cha Kiswahili hutaja mtenda, wakati na ukanushi kabla ya mzizi. Cha Kijapani huweka wakati na ukanushi mwishoni, na mtenda hakimtaji kabisa. *Ikimashita* ni 'nilikwenda', 'ulikwenda' au 'walikwenda', kulingana na muktadha. Kiswahili nacho huacha kiwakilishi, lakini kiambishi cha nafsi hubaki kama shahidi. Katika Kijapani, sehemu ya ushahidi huo hubebwa na uteuzi wa kitenzi chenyewe: *kureta* humaanisha kwamba mtu alinipa mimi au mtu wa upande wangu, na *ageta* kwamba kitu kilitoka upande wangu kwenda kwa mwingine.

Mfano mwingine ni kijineno *ni*, ambacho huja baada ya nomino kama kiambishi *-ni* cha mahali. 'Yuko nyumbani' ni *ie ni iru*. Lakini 'anasoma nyumbani' ni *ie de yomu*, kwa kuwa mahali pa tendo huonyeshwa kwa *de*. Kiswahili hakitenganishi mambo haya mawili, hivyo kosa hili litatarajiwa.

5.0 Misemo ya Kila Siku

Tafsiri za Kiingereza hupata taabu kueleza *otsukaresama*, maneno yasemwayo kwa mtu aliyetoka kazini. Kiswahili kina *pole na kazi*. Vivyo hivyo *ojama shimasu*, asemayo mgeni anapoingia nyumbani kwa mtu, hukaribiana na *hodi*, ingawa husemwa wakati wa kuingia na si kwa kuomba ruhusa kutoka nje.

Hata hivyo, *pole* ina upana ambao neno lolote moja la Kijapani halina. Mgonjwa huambiwa *odaiji ni*, na mfiwa hupewa maneno mengine ya rambirambi. Aidha, *gokurōsama*, ambayo nayo hushukuru kazi iliyofanywa, kwa desturi husemwa na mkubwa kwa mdogo. Kumwambia mkuu wa kazi ni utovu wa adabu.

Msingi wa heshima wenyewe hutofautiana. *Shikamoo* hufuata umri na cheo. Heshima ya Kijapani hutazama pia nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Mfanyakazi anapozungumza na mteja humtaja mkuu wake mwenyewe bila *-san* na kwa vitenzi vya unyenyekevu, kwa sababu mbele ya mteja mkuu huyo ni wa ndani. Mtu aliyelelewa kumheshimu mkubwa popote pale atahisi kwamba anakosa adabu, ilhali kwa kufanya hivyo ndipo anapoitimiza.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mzungumzaji wa Kiswahili huingia katika somo la Kijapani akiwa na mizani, mnyambuliko na misemo ya heshima. Akiba hiyo haitoshi peke yake, kwa kuwa mkazo, kiambishi *-ni* na neno *pole* humpotosha kwa sababu tu vinafanana na vya Kijapani. Mwalimu atakayefundisha kwa Kiswahili hana budi kuanza na hesabu ya mizani kabla ya kana, kuandika irabu ndefu kwa kuzirudia, na kufundisha jozi kama *biru* na *biiru* tangu wiki za mwanzo, kabla mkazo wa Kiswahili haujazoeleka katika maneno hayo.