Uso Unaowaka: Pombe, Sigara na Rosasia

Uso ukichoma na kutoa vipele mashavuni na puani, huenda si chunusi bali rosasia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, hivyo hutambuliwa kwa kuchelewa.

Utafiti kuhusu wauguzi wanawake wa Marekani, uliochapishwa 2017, ulionyesha kuwa wanywaji wa mvinyo mweupe na pombe kali huipata zaidi. Chang'aa nayo ni pombe kali. Sigara ni kioja: wavutaji waliipata kidogo, walioacha wakaipata zaidi. Hiyo si sababu ya kuvuta, mapafu je?

Hapa Migori na Homa Bay ninachohofia zaidi ni mafuta ya kujichubua yenye steroidi. Huleta vipele vivyo hivyo, na ukiyaacha uso huwaka zaidi kwa majuma kadhaa. Usiyarudie, njoo zahanati.