Kompyuta Isiyowaka Imekwama Wapi?

Kompyuta ya mezani iliyoungwa kwa mkono, vipuri vyake vikiwa vimenunuliwa kimoja kimoja na kufungwa ndani ya kasha, haiwaki kwa mara moja kama taa. Huamka kwa hatua, na kila hatua husubiri ile iliyotangulia itoe ishara kwamba imekamilika. Kati ya kubonyezwa kwa kitufe na kutokea kwa picha ya kwanza kwenye skrini, mtazamaji huona kimya tu, ilhali ndani ya kasha umeme na amri hupokezanwa mara kadhaa, na kompyuta mpya inayogoma huwa imekwama kwenye mojawapo ya mapokezano hayo. Ndiyo maana fundi mzoefu haanzi kwa kuuliza ni kipuri gani kimekufa, bali huuliza safari imeishia wapi.

Safari yenyewe huanza hata kabla kitufe hakijaguswa. Kikasha cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, hupokea umeme wa mkondo geu kutoka ukutani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kwa mujibu wa vipimo vya ATX, vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, mkondo mdogo wa volti 5 huendelea kupita hata kompyuta ikiwa imezimwa, almuradi plagi imo kwenye soketi na swichi ya nyuma ya kasha imewashwa, na huo ndio unaowasha kile kitaa kidogo kinachoonekana kwenye bodi nyingi. Kitufe cha mbele hakipitishi umeme mkubwa hata kidogo. Kazi yake ni kugusanisha pini mbili nyembamba zilizo pembezoni mwa bodi mama, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote, na bodi ndiyo inayoiamuru pawa saplai iamke kwa kuushusha hadi sifuri mmoja wa nyaya za kile kiunganishi kipana cha pini 24. Kwa sababu hiyo, fundi anayeshuku kwamba waya wa kitufe umechomekwa pasipo mahali pake huuchomoa na kuzigusanisha pini hizo kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi. Feni zikianza kuzunguka, kosa liko kwenye kitufe au waya wake, na vipuri vya bei havina hatia.

Pawa saplai za zamani zina jambo lake: nyingi zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230, na ikiachwa kwenye 115 katika nchi za Afrika Mashariki, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 230 hadi 240, jibu huja kwa mlipuko na harufu ya kuungua, na uchunguzi huishia hapo.

Pawa saplai iliyoamka hujipima kwanza, kisha, baada ya milisekunde kati ya 100 na 500, hutuma ishara kwamba volti zake zimetulia. Kabla ya ishara hiyo prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, huzuiwa isifanye lolote; baada yake husoma amri ya kwanza kutoka kwenye anwani iliyo baiti 16 tu kabla ya kikomo cha gigabaiti 4, desturi iliyorithiwa kutoka kwa prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, ambayo nayo ilianzia baiti 16 kabla ya kikomo cha megabaiti yake moja. Amri hiyo huielekeza kwenye chipu yenye BIOS, programu ya kuiamsha kompyuta.

Hapa feni huwahadaa wengi. Feni haihitaji prosesa ili izunguke, na kuzunguka kwake huthibitisha tu kwamba volti 12 zimeifikia. Kwenye kona ya juu ya bodi, mahali pembamba ambapo vidole hupenya kwa taabu, pana tundu la pini 8 linaloilisha prosesa peke yake. Kebo yake ikisahauliwa, feni huzunguka, taa za mapambo hung'aa kwa rangi zote, na skrini hubaki giza.

BIOS ikishapata uhai hufanya jaribio la kujipima, ikikagua vipuri kimoja baada ya kingine. Kompyuta ya IBM iliyozinduliwa tarehe 12 Agosti 1981 ilitangaza matokeo kwa sauti: mlio mmoja mfupi ulimaanisha mambo ni sawa, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulimaanisha hitilafu ya upande wa picha. Bodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na kitaa kinachobaki kikiwaka ndicho kinachoonyesha safari ilipokomea. Kile kispika kidogo cha milio mara nyingi hakiwekwi tena ndani ya kasha, ubahili usio na maana kwa kifaa cha bei ndogo namna hiyo.

Kitaa cha DRAM huhusu kumbukumbu ya muda, ambayo kwa mafundi ni ramu, na ndicho kinachostahili subira kuliko vyote. Ramu iliyokaa vyema hutoa sauti ya kubana pale kishikizo cha tundu kinapojifunga. Iliyokaa nusu huonekana kama iliyokaa sawasawa, mpaka ibonyezwe kwa kidole gumba. Bodi yenye matundu manne kwa kawaida hutaka ramu mbili zikae kwenye tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa. Tena ramu za DDR5, zinapowashwa kwa mara ya kwanza, hupitia mafunzo ambamo prosesa hupima muda wa ishara katika kila njia kwa vipimo vidogo kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza. Mwenye pupa huzima, huwasha tena, na mafunzo huanza upya.

Vitaa visiposema kitu, mafundi huitoa bodi kwenye kasha na kuilaza juu ya boksi lake la karatasi, ikiwa na prosesa, feni yake na ramu moja tu. Ikiwaka hapo, huenda kijiguu cha shaba kilichofungwa pasipo na tundu la skrubu kilikuwa kikigusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Isipowaka, hutazamwa kitako cha prosesa, ambacho katika aina ya LGA 1700 ya Intel kina pini 1,700 nyembamba kuliko sindano, na moja iliyopinda yatosha kuzuia kila kitu.

Na iko kompyuta inayoshukiwa bure. Imepita majaribio yote, imewaka, na picha yake inatoka kwenye kadi ya picha. Waya wa skrini umechomekwa sentimita chache juu yake, kwenye tundu la bodi mama.