Kabla ya Kukaanga Mbegu za Malenge, Zichague

Mbegu za malenge hutupwa na maganda katika nyumba nyingi, ilhali zikikaangwa na kutwangwa huungia mboga vizuri kama njugu.

Huoshwa hadi utelezi uishe, kisha huanikwa juani juu ya turubai safi, si kwenye udongo, mpaka zikauke kabisa. Hukaangwa bila mafuta, kwa moto mdogo, huku zikigeuzwa bila kuachwa. Zikianza kupasuka na kunukia zimwagwe kwenye sinia papo hapo. Sufuria yenye joto huendelea kuziunguza hata ikiepuliwa.

Wakazi wanashauriwa kuzichagua kabla ya kuwasha jiko. Zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, wala kuku wasipewe. Moto wa jikoni hauondoi sumu ya aflatoksini inayoletwa na ukungu, ile iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi hazikaangwi, hata zikioshwa mara ngapi. Watoto wadogo wapewe zilizotwangwa, kwani nzima zinaweza kuwakaba.