Gharama za Fundi Umeme: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubaliana Bei

Mwananchi wa Tukuyu aliyekwisha kupaua nyumba yake huanza kuulizia bei ya fundi umeme, na mara nyingi mafundi watatu humpa majibu matatu yasiyofanana. Si lazima mmoja wao awe mwongo. Huenda wa kwanza ametaja ufundi peke yake, wa pili ufundi pamoja na vifaa, na wa tatu ameongeza nauli na kazi ya kujaza fomu za TANESCO. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuchapa hapa kiwango kimoja kitakachofaa kila nyumba. Tunaeleza jinsi bei hiyo inavyojengwa, ili mteja alinganishe vitu vinavyolingana.

Kwanza yatenganishwe malipo mawili ambayo wengi huyachanganya. Fedha za kuunganishiwa umeme hulipwa TANESCO. Fedha za kutandaza nyaya ndani ya nyumba, yaani wayaringi, hulipwa fundi. Ile shilingi 27,000 inayojulikana vijijini ni ya kuunganishiwa tu, na haimhusu fundi hata kidogo. Hulipwa kwa namba ya malipo anayopewa mteja, wala haipiti mkononi mwa mtu. Nguzo na mita ya LUKU ni mali ya shirika. Anayekuja kukuuzia kimojawapo ni kishoka, hata akiwa amevaa kofia ngumu na kubeba ngazi.

Ufundi kwa kawaida huhesabiwa kwa pointi, na hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Taa ni pointi, soketi ni pointi. Je, swichi ya taa nayo ni pointi? Wapo mafundi wanaohesabu taa na swichi yake kuwa pointi moja, na wapo wanaohesabu mbili. Chukua nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko, choo na baraza: taa 7, swichi 7 na soketi 5. Kwa hesabu ya kwanza kuna pointi 12, kwa ya pili pointi 19. Tuseme, kwa mfano tu na si kama bei elekezi, kwamba fundi ametaja shilingi 10,000 kwa pointi. Kazi ile ile itakuwa shilingi 120,000 au shilingi 190,000, na tofauti hiyo ya shilingi 70,000 haimo katika bei iliyotajwa bali katika maana ya neno. Basi mteja asiulize bei ya pointi kabla ya kuuliza pointi ni nini.

Aulize pia kama bei hiyo ina kuchimba ukuta, kuziba mifereji na kufunga mein swichi. Aliyelaza mabomba kabla ya kupiga lipu huokoa kazi kubwa kuliko aliyengoja lipu ikauke ndipo ianze kutobolewa.

Kuhusu vifaa, ushauri wetu ni kwamba fundi aandike orodha na mwenye nyumba anunue mwenyewe, akidai risiti. Orodha hiyo itaje unene wa nyaya: kwa kawaida milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Waya mwembamba kuliko unavyotakiwa hupata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona. Atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Mbeya kuna maduka mengi zaidi, lakini ni takriban kilomita 70. Kwa nyumba ndogo, nauli huweza kumeza nafuu yote.

Kifaa kimoja kisipunguzwe kwa hali yoyote, nacho ni ethi, yaani fimbo ya shaba inayozikwa ardhini pamoja na waya wake. Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi; kuta hunyonya maji na watu hutembea ndani wakiwa na miguu iliyolowa. Palipo na unyevu wa namna hiyo, pasi au jiko lenye hitilafu huweza kuua. Fundi anayeshusha bei kwa kuacha ethi hajampunguzia mteja gharama yoyote.

Aliye Masoko au Ikuti na kumwita fundi kutoka Tukuyu mjini akubaliane naye nauli mapema, na kwa siku ngapi. Kazi ya siku mbili iliyogeuka siku tano kwa sababu ya mvua huleta madai ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Fundi awe na leseni ya EWURA, na daraja la leseni lilingane na kazi. Mwenye mashine ya kusaga inayotumia umeme wa njia tatu asichukue fundi aliyeruhusiwa njia moja tu. Ujihadhari na muhuri wa kukodi, ambapo asiye na leseni hufanya kazi na mwenye leseni hugonga muhuri kwenye fomu bila kufika. Mwenye muhuri aione nyumba na kuipima, na malipo yake yawe ndani ya bei ya awali.

Makubaliano yaandikwe, japo kwenye ukurasa wa daftari. Fundi akiwa shemeji au kijana wa jirani, watu huona haya kuandikiana. Sisi tunaona kwamba karatasi hulinda pia undugu. Malipo yagawanywe: sehemu kazi inapoanza, sehemu nyaya zikishalazwa, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka TANESCO wakague na taa ziwake. Fundi akigoma kurekebisha kasoro, mteja anaweza kupeleka lalamiko EWURA, ofisi ya kanda iliyopo Mbeya, akiwa na makubaliano hayo, risiti za vifaa na nakala ya fomu yenye jina na muhuri wa fundi.