Ushuru wa Gesi na Moshi Kwa Keja Yako: Hii Ndio Story

Ukiskia sera ya tabianchi, unadhani ni story ya wadosi wa mikutano. Zii. Cheki jikoni kwa mathe, iwe Kayole, Dandora ama Umoja.

2016 serikali ilitoa VAT kwa gesi ya kupika ndio wasee waachane na makaa. 2018 mafuta ya taa ikaongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, juu kuna wajanja walikuwa wanaichanganya na dizeli. Sawa. Lakini Julai 2021 VAT ya gesi ikarudi, asilimia 16! Sasa kama doh ya kujaza mtungi hauna na mafuta imepanda, utapikia nini? Makaa. Ushuru ulishuka hadi 8 mwaka wa 2022, ukatolewa 2023.

Na moshi hauchezi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020. Halafu jiko likiwaka kwa keja imefungwa, linatoa kaboni monoksaidi: haina harufu, unalala tu huamki. Fungua dirisha, buda.

Kinachouma ni, stima ya Kenya karibu asilimia 90 ni safi: mvuke wa Olkaria, maji, upepo, jua. Lakini tokeni zikiwa ghali, hiyo usafi haifiki kwa sufuria.

2024 mlisoma Mswada wa Fedha mstari kwa mstari. Ukikuja mwingine, anzeni na mstari wa gesi.