Shikeni Njia Moja

Mkikunjua ramani ya Tanzania, wajukuu zangu, macho hutaka kwenda kila upande: Kilimanjaro huku, Serengeti kule, Zanzibar, Kilwa, Mbeya. Hamu hiyo ni njema. Lakini nchi hii ni pana mno. Hata Kenya na Uganda zikiunganishwa hazifikii ukubwa wake. Mwenye likizo ya majuma mawili akiyataka yote, siku zake nyingi zitaishia ndani ya basi.

Mimi nasema shikeni njia moja, muifuate mpaka mwisho. Ninayoipenda kuliko zote ni Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na sehemu kubwa yake inafuata njia ya misafara ya zamani, iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliotekwa wakauzwe pwani.

Morogoro mtaiona milima ya Uluguru. Dodoma, makao makuu ya nchi, muonje zabibu. Tabora msiipite haraka. Ndiyo nchi ya Wanyamwezi, mahodari wa kubeba mizigo ya misafara, na karibu na hapo Mtemi Mirambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu katika miaka ya 1870, wakigombea njia hiyohiyo. Nunueni asali ya miombo. Kisha reli inagawanyika: tawi moja linakwenda Mwanza, kwenye mawe makubwa yaliyobebana kando ya Ziwa Victoria, jingine Kigoma.

Nendeni Kigoma. Hapo ardhi ilipasuka na kutanuka kwa mamilioni ya miaka, ufa ukajaa maji, tukapata Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470 hivi. Duniani kote linazidiwa kina na Baikal la Urusi tu. Jioni wavuvi huingia na mitumbwi na taa zao, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika, maana ziwa zima linang'aa na taa hazivuti samaki. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani, wembamba kama vidole vya mtoto mchanga.

Kutoka hapo boti hupeleka wageni Gombe. Mwaka 1960 msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, alikaa msituni humo akiwatazama sokwe kwa subira kubwa. Siku moja akamwona mmoja ameshika unyasi, anauchomeka kwenye tundu la kichuguu, anangoja, anauchomoa umejaa mchwa, anawala. Wengine walichuma vijiti wakavipukutisha majani kwanza. Kabla ya hapo wataalamu waliamini kwamba ni binadamu peke yake atengenezaye zana. Jambo lililobadilisha elimu ya dunia lilionekana kwetu, na wapo Watanzania wengi ambao hawajafika huko.

Kilimanjaro na Kilwa ziwekeni kwa likizo nyingine, hazihami. Ila kabla ya kufunga mizigo, mmoja wenu aende stesheni akaulize ratiba, kwani treni ya Kigoma haiondoki kila siku.