Spageti: Usiamini Saa, Amini Jino

Mbona spageti hukataa kuiva kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti? Mombasa maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, lakini hapa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 94 hivi. Kwa hivyo spageti huchelewa. Lakini ukizidisha, wanga hutoka, inakuwa uji, na nyumba nzima inalala njaa.

Mimi hutia gramu 100 kwa lita moja ya maji yanayotokota, pamoja na chumvi. Baadaye natoa moja na kuiuma. Kiini cheupe kikibaki kama ncha ya sindano, naepua na kuchuja mara moja. Waitaliano husema al dente, yaani kwa jino.

Haya basi, jaribuni!